Je, Wajua? Kisiwa Kilichovunja Amani ya Amiens

Je, wajua kwamba Uingereza na Ufaransa ziliwahi kurudi vitani kwa sababu ya Malta, kisiwa cha kilomita za mraba 246 hivi katika Bahari ya Mediterania? Napoleon alikiteka mwaka 1798 akielekea Misri. Wenyeji wakaasi, Waingereza wakawasaidia, na mwaka 1800 Wafaransa wakasalimu amri. Mkataba wa Amiens wa Machi 1802 uliwataka Waingereza waondoke ndani ya miezi mitatu na kukirudisha kisiwa kwa Shirika la Mtakatifu Yohane, watawala wake wa zamani.

Hawakuondoka. Bandari ya Valletta ilikuwa tamu mno, na walihofu Napoleon angeitamani tena Misri, kisha India. Naye hakuwa malaika: majeshi yake yalikuwa bado Uholanzi. Machi 13, 1803, katika kasri la Tuileries, alimfokea balozi wa Uingereza, Lord Whitworth, mabalozi wengine wakishuhudia. London ikadai ibaki Malta miaka 10, Paris ikakataa. Mei 18, Uingereza ikatangaza vita.

Wamalta, waliopinga waziwazi kurudishiwa watawala wa zamani, hawakushirikishwa Amiens. Walipata uhuru mwaka 1964.