Kazi ya Urembo Inataka Masomo



Wasichana wengi waliohitimu kisomo hutuuliza juu ya kazi ya urembo. Wazazi wao nao hutuuliza, lakini kwa sauti nyingine: je, kupaka watu hina na kusugua miguu ni kazi kweli?

Ndiyo, ni kazi, tena ya zamani. Huku pwani bibi arusi alisingwa kwa singo la liwa, karafuu na mawaridi. Mama aliyejua kusinga vizuri aliitwa nyumba nyingi, na hakurudi mikono mitupu. Kilichobadilika ni dawa. Siku hizi fundi anashika dawa za viwandani, na dawa hizo zinaweza kuunguza.

Chukua hina. Hina ya majani haiwi nyeusi. Inaanza na rangi ya chungwa, kisha baada ya siku moja au mbili inakuwa nyekundu ya kahawia. Ile nyeusi ni piko, yaani dawa ya nywele. Kwenye ngozi, piko huweza kuleta malengelenge na makovu. Mtu akishadhurika nayo mara moja, mwili wake huikataa maisha yote, hata akiipaka kichwani. Kwa hiyo piko isipakwe mkononi. Hata kabla ya kuipaka kwenye nywele, weka tone moja nyuma ya sikio la mteja, halafu mngoje siku mbili.

Jambo gumu zaidi ni mkorogo. Mteja atakuja na hela mkononi: "Dada, nichanganyie niwe mweupe." Ndani ya mikorogo mingi mna zebaki au haidrokwinoni. Zote mbili zimepigwa marufuku katika vipodozi hapa Tanzania. Zebaki hupenya kwenye ngozi ikaharibu figo na mishipa ya fahamu. Mama mjamzito akiipaka, humfikia mtoto tumboni. Basi soma kopo kabla ya kununua. Ukiona neno "mercury" au "calomel", hiyo ndiyo zebaki. Kopo lisilo na maandishi usiliguse kabisa. Ni kweli kwamba ukikataa kuchanganya utapoteza hela, na mteja atakwenda kwa jirani yako. Hatuwezi kuwaficha jambo hilo. Hata hivyo, sisi tunasema kataa.

Halafu vyombo. Kirusi cha homa ya ini ya aina B huishi siku saba kwenye damu iliyokauka. Mkasi uliomkata mteja wa Jumatatu waweza kumwambukiza mteja wa Ijumaa. Wembe ni wa mtu mmoja, kisha unatupwa. Mkasi na vyuma vya kucha vioshwe kwa sabuni kwanza, ndipo viloweshwe dakika 10 katika maji ya jiki. Kama chupa inasema asilimia 3.5, pima kikombe kimoja cha jiki kwa vikombe sita vya maji. Kisha suuza na ukaushe, maana jiki hula chuma.

Mambo haya ndiyo yanayofundishwa chuoni. Baadhi ya vyuo vya VETA vina masomo ya ususi na urembo, na aliyemaliza darasa la saba anaweza kuomba. Vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanza mwaka 1975, havifundishi vyote kazi hii. Uliza cha wilaya yako. Na wewe uliyejifunza kwa kumwangalia shangazi, usijione umechelewa. VETA ina utaratibu wa kuwapima mafundi wa namna hiyo kwa vitendo, na anayefaulu hupewa cheti.

Ukianza kazi, nunua daftari kabla ya kununua kioo kikubwa. Tuseme umempaka bibi arusi hina kwa shilingi 20,000. Hina ni 4,000, mafuta ya mkaratusi 2,000, bodaboda kwenda na kurudi 5,000. Zimebaki 9,000, nawe umekaa kwake saa tano. Mafundi wengi tunaowajua huhesabu zile 20,000 tu, na mwisho wa mwezi wanashangaa hela imekwenda wapi. Andika kila kazi jioni ileile. Andika pia jina la mteja, dawa uliyompaka na kama ilimwasha, ili akirudi Sikukuu usianze kubahatisha.