Afya: Mushipa umekatika ku kiwiko, lakini vidole vinatembea. Sababu gani?

Panga, risasi, kuanguka na pikipiki: vidonda vya karibu na kiwiko si vigeni kwetu. Kwa kupima mishipa ya fahamu, munganga anaomba mugonjwa apanue vidole, ao abane karatasi katikati ya kidole kikubwa na kile kinachofuata. Akiweza, ni rahisi kusema mushipa ni muzima. Kwa watu wengine, jibu hilo linadanganya.

Mushipa wa mediani unapita katikati ya mukono na unaongoza zaidi kidole kikubwa. Ule wa ulna, unaotetemesha mutu akigonga kiwiko, unafika ku kidole kidogo na unatembeza sehemu kubwa ya misuli midogo ya kiganja. Vitabu vinachora kila mumoja na njia yake. Lakini kwa karibu mutu 1 kati ya 5 kuna daraja: nyuzi za mediani zinavuka chini ya kiwiko na kuingia ndani ya ulna. Roland Martin wa Sweden aliliandikia katika 1763, Wenzel Gruber akalichunguza katika 1870, na mpaka leo linaitwa Martin-Gruber. Si ugonjwa. Mutu anazeeka nalo bila kujua.

Basi ulna ikikatwa ku kiwiko, juu ya daraja, nyuzi zilizovuka zinaendelea kutembeza vidole. Mugonjwa anarudi nyumbani na bandeji. Kisha nguvu inapunguka, kwa sababu mara nyingi daraja linabeba sehemu tu ya kazi. Na wakati haungoje: mushipa ulioshonwa unaota karibu milimita 1 kwa siku, ni kusema miezi mingi toka kiwiko mpaka kiganja, na musuli uliokaa zaidi ya mwaka bila mushipa unarudi kwa shida sana.

Kuna kipimo kisichoomba hata franga: kugusa ngozi ya kidole kidogo. Karibu kila mara daraja linabeba nyuzi za kutembeza misuli, si za kusikia. Kidole kinachotembea lakini hakisikii kinaomba kuchunguzwa tena.

Kosa la upande mwingine liko pia. Mashine ya umeme inayopima mishipa inaweza kuonyesha ulna ni zaifu ku kiwiko na nzima ku kifundo cha mukono, mutu akapasuliwa bure. Mupimaji anayejua daraja anapiga umeme ku mediani, pale ku kiwiko. Musuli wa ulna ukiruka, nyuzi zilizokosekana zimepatikana.