Kingamwili Huiona Protini, Haioni Kazi Yake

Konzo ni ugonjwa unaokakamaza miguu yote miwili kwa ghafla, na ulemavu wake ni wa kudumu. Huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, kwenye familia zinazoishi kwa muhogo mchungu usioandaliwa vizuri na zisizo na kitoweo cha kutosha. Ulizuka Tarime, Tanzania, wakati wa ukame wa 1985, na mwaka 2011 watafiti wakaripoti kwamba umeingia Kivu Kusini. Msomaji wa Gisenyi ana sababu ya kuufuatilia, kwani Ziwa Kivu ni lilelile na ugali wa muhogo huliwa Rubavu kama unavyoliwa Goma. Sisemi watu wauache muhogo. Ninachosema ni kwamba ugonjwa huu unaonyesha vizuri mpaka wa chombo kinachoaminiwa sana maabara: kingamwili ya utafiti.

Ndani ya mitokondria za seli kuna protini iitwayo ATP sinthesi. Huzungushwa na mkondo wa protoni, na kwa mzunguko huo hutengeneza ATP, nishati inayoendesha misuli na neva. Boyer na Walker walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1997 kwa kueleza utendaji wake. Mtafiti anayeitafuta husaga sampuli, hutenganisha protini kwa umeme ndani ya jeli kulingana na ukubwa, huzihamishia kwenye utando, kisha humwagia kingamwili inayoshika protini hiyo peke yake. Ikiwa kipande chake cha alfa kipo, mstari hutokea karibu na alama ya kilodaltoni 55. Sasa tazama sianidi, sumu ya muhogo mchungu, inavyofanya. Haiigusi ATP sinthesi. Huikamata protini nyingine, saitokromu oksidesi, pale inapopokelea oksijeni. Mkondo wa protoni hukatika na ATP sinthesi hukosa cha kuizungusha. Ni kama mashine ya kusaga siku umeme umekatika: ipo kibandani, nzima, na hakuna unga. Mstari kwenye utando unaweza kubaki uleule.

Mtu atauliza: basi kingamwili ya nini? Ni ya lazima. Mtoto aliyerithi kasoro ya mitokondria anaweza kukosa protini yenyewe, na mstari uliofifia humwonyesha daktari pa kuanzia. Tena upimaji wa matumizi ya oksijeni kwa kawaida hutaka seli hai au sampuli mbichi, ilhali kingamwili hufanya kazi hata kwa tishu iliyogandishwa. Swali hili ni la haki, lakini kingamwili huthibitisha kuwepo kwa protini tu. Utendaji wake unabaki kupimwa kwa njia nyingine. Ripoti inayoandika “mitokondria ni nzima” kwa sababu mstari umeonekana imesema zaidi ya ilichopima.

Kwa konzo, kipimo chenye manufaa zaidi kijijini ni thiosianeti kwenye mkojo, ambayo mwili huitengeneza unapoiondoa sianidi kwa kutumia salfa ya protini za chakula. Ndiyo maana kukosa maharage au samaki huongeza hatari. Na kinga haingoji maabara. Muhogo mchungu hulowekwa siku kadhaa kabla ya kuanikwa. Unga wenye shaka hulowanishwa, hutandazwa tabaka jembamba na kuachwa juani saa mbili au kivulini saa tano, sianidi itoke hewani, kisha ugali husongwa siku hiyohiyo.