Insha bila wahenga na wahenguzi

Mkenya aliyesoma shule ya msingi enzi za mfumo wa elimu wa 8-4-4 anaweza kujaza ukurasa wa insha kabla chai yake haijapoa. Atawatanguliza wahenga na wahenguzi, wale wasiotupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kisha jogoo wa kwanza atawika, moyo utamdunda dududu, machozi yatamtiririka njia mbili mbili, na mwishowe atatimua mbio kama swara aliyeona simba. Katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, insha ilitengewa dakika 40 na alama 40. Mtoto wa Lodwar na mtoto wa Lamu waliamshwa na jogoo yule yule.

Walimu hawakukosea. Misemo ile ilimpa msamiati mtoto ambaye pengine nyumbani alizungumza lugha nyingine, na wengi waliipenda lugha kwa sababu yake. Taabu huja miaka ishirini baadaye, mtu anapotaka kuandika habari za msiba wa baba yake na mkono ukakimbilia machozi ya njia mbili mbili. Machozi yake hayakuwa hivyo. Labda hakulia kabisa siku ile. Labda alikuwa uani anahesabu viti vya kukodi, akihofia kwamba havitatosha, na mpaka leo akimkumbuka baba anaona viti vya plastiki. Insha yake imo kwenye viti hivyo, lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba viti vinaandikwa.

Neno lenyewe lina historia inayofaa kukumbukwa. Insha imetoka Kiarabu, na huko ilikuwa pia sanaa ya makarani wa watawala: kutunga barua kwa ufasaha na adabu. Wafaransa walipita njia nyingine. Michel de Montaigne alipochapisha vitabu vyake viwili vya kwanza mwaka 1580, aliyaita maandishi yake essais, yaani majaribio, na humo akajichunguza mpaka maumivu ya mawe ya figo. Karani anaandika kwa niaba ya mkubwa wake. Montaigne aliandika kwa niaba yake peke yake. Mwandishi wa Kiswahili anayetaka kujieleza amesimama kati ya hao wawili.

Asidhani, hata hivyo, kwamba anaanza pasipo njia. Mwaka 1896 Mngazija mmoja, Salim bin Abakari, alisafiri na bwana wake Mjerumani, Dk. Bumiller, hadi Urusi na Siberia. Carl Velten, aliyefundisha Kiswahili mjini Berlin, aliiingiza habari ya safari hiyo katika Safari za Wasuaheli, kitabu kilichotoka mwaka 1901. Wakati ule maktaba za Ulaya zilikuwa zimejaa vitabu vya Wazungu wakieleza Waafrika wanakula nini, wanavaa nini na wanalala wapi. Salim aliwaeleza Warusi, Watatari na Wakalmuki kwa jicho lile lile la mgeni mdadisi, na kwa Kiswahili. Alikwenda kama mtumishi, ila kwenye karatasi yeye ndiye anayetazama. Inasikitisha kwamba jina lake halitajwi sana madarasani, maana mwanafunzi angeona kwamba nathari ya “niliona, nikauliza, nikaambiwa” ina umri wa zaidi ya karne moja katika lugha yake.

Shaaban Robert anajulikana, na pengine kujulikana huko kumemfunika. Alizaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, akafanya kazi ya ukarani serikalini kwa miaka mingi, ikiwemo forodhani Pangani. Mwaka 1954 kilitoka Kielezo cha Insha, kilichochapishwa Afrika Kusini na Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Humo anazungumza kama mzee wa baraza: maneno yamepimwa, na yanamhusu kila mtu. Katika Maisha Yangu anajieleza mwenyewe, lakini hata pale kanzu imepigwa pasi. Anayetaka kumkuta amekaa kibarazani na shati la nyumbani asome barua zake kwa ndugu yake, Yusuf Ulenge, alizoziandika kuanzia 1931 hadi 1958. Ni habari za nyumbani, za kazi na za vitabu, zikielekezwa kwa mtu mmoja anayemfahamu. Kwa mtu huyo hakukuwa na haja ya kuwaita wahenga.

Kizuizi kikubwa kuliko misemo ya shule ni haya. Pwani hata bara, mambo ya ndani hayaanikwi uani, na siri ya mtungi aijuaye ni kata. Ndiyo maana waliothubutu wanastahili heshima. Ken Walibora, mwandishi wa Siku Njema, alisimulia maisha yake katika Nasikia Sauti ya Mama, na Adam Shafi katika Mbali na Nyumbani alirudi kwenye ujana wake, alipoondoka Zanzibar akitafuta njia ya kufika Ulaya.

Binyavanga Wainaina wa Nakuru aliandika kwa Kiingereza, lakini somo lake linavuka lugha. Mwaka 2002 alishinda Tuzo ya Caine kwa Discovering Home, simulizi ya kurudi nyumbani kutoka Afrika Kusini na ya mkusanyiko wa ukoo wa mama yake nchini Uganda. Mwaka uliofuata akashiriki kuanzisha jarida la Kwani?. Januari 2014 akatoa andiko alilosema ni sura iliyopotea ya kitabu cha maisha yake. Humo yuko kando ya kitanda cha mama hospitalini, akimwambia kwamba yeye ni shoga. Kisha anamfunulia msomaji kwamba haikuwa hivyo: mama alifariki mwaka 2000, na mwanawe hakuwahi kufika. Kubuni kule hakumdanganyi mtu, kwa kuwa mwandishi mwenyewe anaonyesha mahali ukweli ulipoishia na tamaa ilipoanzia. Mtu anaweza kukubaliana naye au kumkataa, lakini ni vigumu kumaliza kurasa zile bila kumfikiria mama yule.

Kitanda cha mama yake Binyavanga na barua za Shaaban Robert vinakutana hapo: kila mmoja alijua anazungumza na nani. Barua ya mwisho katika mkusanyo ule ni ya 1958. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, na barua zikatoka kitabuni mwaka 2002, zikiwa zimehaririwa na M. M. Mulokozi. Kwa miaka 44 yalikuwa maneno ya ndugu wawili.