Pingamizi lina mlango, wengi hawaujui

Mwaka 1958 maelfu ya wananchi wa Geita walifunga safari hadi Mwanza, makao makuu ya Jimbo la Ziwa, kuikataa halmashauri ya mseto waliyowekewa na serikali ya kikoloni. Wazungu na Waasia walipewa viti humo, ingawa idadi yao wilayani ilikuwa ndogo mno. Wananchi hawakuulizwa. TANU nayo ilikuwa imezuiwa kufanya kazi Usukumani tangu 1954, kwa hiyo hata chama cha kuwasemea hawakuwa nacho. Polisi waliwatawanya kwa mabomu ya machozi, lakini mpango wenyewe haukudumu.

Leo madai ya namna hiyo yana njia ya kisheria. Tanzania haina kura ya wananchi ya kuamua ushuru wa soko au kanuni za mwalo wa samaki. Hizo ni sheria ndogo, na hupitishwa na madiwani. Hata hivyo, halmashauri ya wilaya inapaswa kutangaza kusudio lake kabla ya kuomba idhini ya waziri, na mkazi ana haki ya kuwasilisha pingamizi kwa maandishi. Kijijini, rasimu hujadiliwa kwanza kwenye mkutano mkuu.

Barua ya pingamizi haihitaji wakili. Itaje kifungu kinachopingwa, ieleze kitamuumiza nani na kwa kiasi gani, kisha ipendekeze mbadala. Ipelekwe masjala, na mwandishi abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo ni muhimu kuliko ufasaha wote: bila huo, barua hukanwa kirahisi.

Tatizo ni tangazo. Mvuvi wa dagaa hukesha ziwani, na mama anayeuza samaki katika soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, huamkia kazini; ni lini watasimama mbele ya ubao wa ofisi ya kata?

Kwingineko hoja za kupinga hupewa nafasi rasmi. California, Marekani, hoja za wanaopinga pendekezo linalopigiwa kura huchapwa pamoja na za wanaoliunga mkono, katika kijitabu wanachopelekewa wapiga kura. Kenya, sheria ya uchaguzi inaruhusu kamati za pande zote mbili wakati wa kura ya maoni. Halmashauri za kanda ya ziwa zinaweza kuanza na jambo dogo zaidi: kuyaweka mapingamizi yote, neno kwa neno, kwenye makabrasha ya madiwani, na kuyasoma kwenye mikutano ya vijiji kabla rasimu haijapitishwa.