Usingoje Aache Unga Ndipo Umtibu Sonona

Mkazi wa Gatina, Kawangware, anayetibiwa uraibu wa unga, yaani heroini, kwa methadoni ana safari ya kila siku. Dawa hiyo kwa kawaida huinywa kliniki, muuguzi akimtazama, hata Jumapili. Kutoka Kawangware hadi Ngara, au hadi Mathari ambako huduma hii ilianza Nairobi mwishoni mwa 2014, ni matatu mbili: moja hadi mjini, nyingine kutoka hapo. Nauli hutoka kwenye kibarua, na kibarua hakipatikani kila siku.

Sasa mtu huyo awe na sonona, ule ugonjwa ambao mtaani tunauita mawazo. Usiku hakulala, chakula hakina ladha, na asubuhi haoni sababu ya kutoka kitandani. Akikosa dawa siku mbili, arosto, yaani mateso ya kukosa dawa, inamrudia. Akikosa tatu mfululizo, kwa kawaida lazima apimwe upya kabla ya kurudishiwa kipimo chake. Kufikia hapo huenda ameshafika maskani wanakojidungia unga, na mwenye bomba la sindano ni mmoja kati ya watu wanne.

Virusi vya HIV hupitia papo hapo. Kutafuta sindano safi, kusisitiza kondomu, kumeza ARV saa ileile: yote hayo hufanywa na mtu anayetarajia kuwepo mwaka ujao. Mgonjwa wa sonona anajua vizuri jinsi HIV inavyoambukizwa. Anachokosa ni sababu ya kujikinga. Ndiyo maana mabango na mahubiri hayamfikii. Na si wanaojidunga peke yao: chang'aa nayo hushusha moyo na kumfanya mtu asijali analala na nani. Lakini kwa wanaojidunga hatari ni kubwa zaidi. Uchunguzi wa 2011 ulikadiria kwamba karibu asilimia 18 yao nchini Kenya wanaishi na HIV, ilhali utafiti wa kitaifa wa 2018 ulipata asilimia 4.9 kwa watu wazima wote.

Kuna kauli moja ambayo mimi naiona ni kosa la kitaalamu: “Aache kwanza, halafu tutashughulikia mawazo yake.” Wengi hutumia unga ili wapate kutulia. Kumnyima tiba mpaka aache ni kumwekea sharti ambalo ugonjwa wenyewe unamzuia kulitimiza.

Hata hivyo, tusikimbilie vidonge. Baadhi ya dalili hupungua zenyewe wiki za kwanza za methadoni, arosto inapokwisha na usingizi kurudi, kwa hiyo ni busara kumpima mtu anapoanza na kumpima tena baadaye. Dawa za sonona peke yake zimekuwa na matokeo ya kusuasua kwa watu wanaotumia methadoni. Amitriptilini, iliyo rahisi kupatikana, huongeza usingizi, na ikikutana na methadoni inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. ARV nayo iangaliwe: efavirenzi, iliyotumiwa sana kabla ya dolutegraviri, huleta ndoto mbaya, inaweza kuzidisha sonona, na hupunguza methadoni mwilini. Mgonjwa akisema dawa yake ya methadoni “haishiki”, huenda anasema kweli.

Tiba ya mazungumzo ndiyo inayonipa matumaini, tena haihitaji daktari wa akili katika kila mtaa. Mwaka 2015, wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mafunzo mafupi walifanya kazi na wanawake waliopitia ukatili katika vitongoji vya Nairobi. Wanawake 421 walishiriki. Nusu walipata vikao 5 vya dakika 90, wakijifunza kupunguza wasiwasi, kutatua tatizo moja moja, kurudia shughuli walizoziacha na kutafuta watu wa kuwaegemea. Baada ya miezi mitatu walikuwa na nafuu kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Utafiti huo haukuwahusu watumiaji wa unga, na sitadai kwamba ulipunguza HIV. Ila ulionyesha kwamba mama wa mtaani aliyefunzwa anaweza kuifanya kazi hii. Tangu 2023 serikali ina wahudumu wa jamii wapatao 100,000 wanaopita nyumba kwa nyumba. Wapewe mafunzo hayo, na vikao vifanyike palepale dawa inaponyweshwa, mtu asilipe nauli ya tatu.

Katika maswali tisa ya kupima sonona, la mwisho huuliza kama mtu amewaza kufa au kujidhuru. Kwa miaka mingi jibu la kweli lilitisha, kwa kuwa kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha sheria kilichosema hivyo, cha 226, kinakiuka Katiba. Kwa hiyo mhudumu aliulize swali hilo bila kunong'ona, na ndugu wa nyumbani aulize pia. Anayehitaji ushauri kuhusu dawa za kulevya apige simu ya NACADA, 1192, bila malipo.