Je, Wajua? Ndama wa Tembo na Filamu ya Krismasi
Filamu za mapenzi za Krismasi twajua mwisho wake kabla hazijaanza: mwanamke wa mjini, mwanamume wa mashambani, ugomvi mdogo, kisha kukumbatiana. Na bado twazitazama, maana raha yenyewe ni kungoja lile tulijualo. Holiday in the Wild ya 2019 iliweka ndama wa tembo kati ya wapenzi hao, huko Zambia. Lakini nyota wake, Kristin Davis, alikuwa amesaidia kweli kuokoa ndama yatima hapa Kenya mwaka 2009. Ndama huyo aliitwa Chaimu, akalelewa na shirika la Sheldrick. Ukipanda treni Miritini, mbele ya Changamwe, chungulia dirishani ukifika Tsavo: ndiko yatima wa shirika hilo hurudishwa nyikani.